Ya Mtu Haivaliwi

Asubuhi niliyoondoka nyumbani Sabaki sikuwa na safari. Nilikuwa nimetumwa kuangalia kama nyani wameingia kwenye mahindi. Nyani hawakuwako. Nikasimama mwisho wa shamba nikaona barabara imetulia, haina hata baiskeli, nikaliegemeza jembe kwenye mnazi nikaenda. Mama alikwisha kunizoea. Shule nayo niliiacha hivyo hivyo nikiwa darasa la sita: niliomba ruhusa ya kunywa maji nisirudi. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na watu wanachimba kisima, na mimi nilitaka kujua wanajuaje maji yaliko.

Malindi nilifika kabla jua halijawa kali. Niliingia mtaa wa Shella kwa sababu ya harufu ya udi iliyokuwa ikitoka uani mwa nyumba moja mapema vile. Nikachungulia. Mwanamke wa makamo, leso kaifunga kifuani, alikuwa akipiga kanzu pasi ya makaa. Nyuma yake kamba nzima ilianikwa nguo za kijani ambazo sikupata kuona mfano wake. Suruali na shati vilishonwa pamoja, zipu ikatoka shingoni hadi chini ya tumbo, na mifuko ilikuwa mapajani na hata kwenye vigimbi. Nikampa shikamoo, nikamwuliza mfuko wa kigimbini ni wa nini.

“Marahaba. Umekuja kuuliza au umekuja kusuuza?”

Nikasuuza. Jioni akanipa wali na mahali pa kulala, penye magunia ya makaa. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya udobi kwa Bi Zuhura, na ndivyo nilivyoingia vitani, ingawa wakati huo sikujua kwamba uzi na sabuni vinaweza kumfikisha mtu huko.

Mapigano ya mpakani yalikuwa yameanza, na helikopta za jeshi zilikuwa zikitua uwanjani Malindi kabla ya kuelekea kaskazini. Nguo zile za kijani, ovaroli, zilikuwa za warushaji, watu walioruka nazo. Haikupita wiki akaja aliyekuwa mtunza mavazi yao, Sajini Wafula, mtu mfupi wa Bungoma mwenye Kiswahili cha kambini kisicho na mapambo. Aliziweka ovaroli zote juu ya meza ya Bi Zuhura, moja juu ya nyingine. Zilikuwa zimetiwa wanga hadi zinasimama zenyewe kama mbao, kisha zikafukizwa udi.

Bi Zuhura alimweleza kwa adabu kwamba nguo haitoki kwake imelegea kama kitambaa cha jikoni, wala haitoki bila moshi. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na mamake, na makadhi wamevaa kanzu zake. Sajini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kanzu ya kadhi haianguki kutoka angani. Kitambaa cha ovaroli kimetengenezwa kisishike moto upesi, lakini ukikipaka uji ukakauka, umeupa moto mahali pa kuanzia. Ama udi, mtu akianguka msituni akajificha, adui atamfuata kwa pua tu.

“Haya,” Bi Zuhura akasema. “Watakwenda vitani wananuka sabuni ya mche. Aibu si yangu.”

Sajini nilimpenda kwa jambo moja. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na jibu. Shuleni kila nilipouliza kwa nini nilichapwa. Kwa hiyo kila alipokuja kuchukua nguo nilimfuata hadi garini nikimwuliza, na yeye alijibu huku akihesabu glavu. Kwa nini fulana za ndani lazima ziwe za pamba? Kwa sababu nailoni haiungui, inayeyuka, na ikiyeyuka inakuwa ngozi yako. Kwa nini wanavua pete? Kwa sababu mtu anaporuka kutoka mlangoni pete inaweza kunasa kwenye chuma, na kidole kikabaki na pete. Zipu ilipandishwa hadi mfupa wa shingo. Mikono ya ovaroli iliteremshwa mpaka ifunikwe na glavu, jua liwe kali namna gani. Ukiwa chini, sheria ilikuruhusu kuikunja. Angani hapana.

Sheria nyingine hazikuwa na moto ndani yake. Ovaroli haikuruhusiwa mjini, wala sokoni, wala hotelini. Na hakuna aliyevaa ya mwenzake. Hilo Sajini alilisema kwa ufupi: “Ya mtu haivaliwi.” Nilipouliza kwa nini, kwa mara ya kwanza hakunijibu. Akaendelea kuhesabu.

Wawili kati ya warushaji ndio waliokuwa wakileta nguo mara kwa mara. Walikuwa watu wa nyuma ya helikopta. Kahindi alikuwa fundi wake, na Mutua alishika bunduki ya mlangoni. Kahindi alitoka Kikambala, upande wa bara, nyuma ya mahoteli. Mutua alikuwa Mkamba wa Machakos. Kimo kimoja, mabega mamoja. Bi Zuhura alizipima ovaroli zao kwa shubiri akasema hawa wamekatwa kwa mkasi mmoja. Mutua alidai watu wa pwani wamelegezwa na nazi. Kahindi alimjibu kwamba muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Ukambani, ni chakula cha mtu aliyekosana na mkewe. Walikaa juu ya ndoo zetu zilizopinduliwa, wakala mahamri ya watu, na hawakuwa na haraka.

Kahindi alikuwa na hamu moja. Mamake aliwahi kumwona na sare ya sherehe, ile yenye vifungo vya shaba, siku alipofuzu. Lakini hakupata kumwona na ovaroli, nguo aliyoifanyia kazi. “Anadhani nakwenda kazini na tai,” alisema. Mara moja aliomba ruhusa aende nayo nyumbani siku moja tu, avae akiwa uani, mama amtazame, avue. Sajini akakataa. Kahindi hakununa. Alisema vita vikiisha watalegeza.

Nguo zikifanana hivyo, dobi huwa na njia yake. Bi Zuhura alimwekea kila mteja alama ya uzi mwekundu upande wa ndani, mahali pasipoonekana, na hakuna mteja aliyewahi kuulizwa. Wa Kahindi ulikuwa mistari mitatu ndani ya kiuno, karibu na nyonga. Wa Mutua ulikuwa msalaba. Sajini alizigundua alama hizo siku moja akigeuza nguo nje ndani. Alivuta uzi mmoja kwa kucha, akauchoma kwa kiberiti, akaunusa.

“Pamba,” akasema. “Basi sijaona kitu.”

Kambi ilipohamia kaskazini, karibu na mpaka, Sajini alitaka dobi. Bi Zuhura alisema yeye hajapungukiwa akili. Nikasema nitakwenda mimi. Hakunizuia. Alinipa sindano, kibonge cha uzi mwekundu na pasi ndogo, akaniambia nisiiache alama hata siku moja, kwa sababu nguo isiyo na alama ni nguo ya yeyote.

Kambini niliona sheria nisiyoijua. Kila jina la mrushaji lilikuwa kwenye utepe uliobandikwa kifuani, wa kile kitambaa kinachong'ang'ania na kubanduka kwa kelele. Helikopta ilipokuwa ikienda ng'ambo ya mpaka, wote walibandua majina kabla ya kupanda, wakayabandika kwenye ubao mdogo hemani kwa Sajini. Mtu akiangukia kwa adui, asisomwe. Wakirudi, kila mmoja alikuja mwenyewe kubandua lake. Hukuweza kumwambia mwenzako akuchukulie. “Jina halitumwi,” walisema, na hata Kapteni, aliyekuwa rubani, alipanga foleni. Baadaye Sajini alinipa mimi kazi ya kuutunza ubao. Niliipenda. Nilisikia helikopta, nikasimama mlangoni na ubao mkononi, kisha krr, krr, krr, majina yanaondoka, ubao unabaki mtupu. Ubao mtupu ulikuwa ndio habari njema.

Maisha yalikuwa ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Nilichota maji kwenye tangi, nikafua, nikaanika, nikaanua. Vumbi lilikuwa jekundu na lilirudi juu ya nguo kabla hazijakauka. Nilijifunza kutambua helikopta yetu kwa sauti.

Siku ya kwanza ya mizinga nilikuwa nikianua.

Kitu kililia juu yangu kama bati linalochanwa. Nikalala chini.

Kikaanguka nyuma ya jikoni. Kisha kingine, karibu zaidi. Mchanga ukanijaa mdomoni. Nilisikia Sajini akiita majina, kila mmoja kwa zamu, na watu wakiitika.

Akaita langu. Nikaitika.

Mpishi mmoja hakuitika.

Nilipoinuka kamba ilikuwa imekatika, na ovaroli zote zilikuwa chini zimelala na mikono yake imetawanyika. Nilizifua upya. Hakuna aliyeniambia nizifue. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Baada ya hapo mizinga ilikuja mara kwa mara, na tulizoea, kama unaweza kuita hivyo. Kahindi na Mutua waliendelea kutaniana, ila kwa sauti ndogo.

Asubuhi ya siku ninayotaka kuieleza kulikuwa na mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na ovaroli za Kahindi zote mbili zilikuwa mbichi kambani. Amri ya kuruka ilikuja ghafla, kuna majeruhi wa kuchukuliwa. Kahindi akaja hemani kwangu na fulana yake ya pamba na kaptura. Nikamwambia Mutua ana ovaroli moja kavu iliyokunjwa, na ni saizi yake, aivae hiyo, nitamalizia kukausha zake kwa pasi.

Akaigusa ile kavu. Akaitazama ile mbichi.

“Ya mtu haivaliwi, Karisa. Nikivaa ya Mutua nitarudi nakula muthokoi.”

Akavaa mbichi. Nilimsaidia kuivuta mabegani maana kitambaa kikilowa kinagoma. Akapandisha zipu hadi mfupa wa shingo, akateremsha mikono, akavaa glavu. Akabandua jina lake akalibandika kwenye ubao. Maji yalikuwa yametia doa kifuani pale jina lilipotoka.

Wakaruka.

Mchana niliisikia ikirudi. Nikauchukua ubao nikasimama mlangoni. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa inakohoa.

Ilitokea juu ya miti, chini mno, moshi nyuma. Ikageuka upande.

Ikatua kwa ubavu mbele ya uwanja.

Kisha moto.

Watu walikimbia. Nami nilikimbia, na ubao ulikuwa bado mkononi. Kapteni na rubani mwenzake walitolewa mbele, wote wawili hawana fahamu lakini wazima. Nyuma kulikuwa ndiko kunakoungua. Walitolewa wawili tu, maana majeruhi waliofuatwa hawakuwa wamefikiwa. Walipelekwa kwenye hema la daktari, na pazia likashushwa.

Nilikaa nje. Muda si mrefu Sajini alitoka. Alinikuta naangalia ubao. Majina manne yalikuwa bado juu yake.

Aliniambia mmoja amefariki mezani. Mwingine yu hai, ana bomba kooni, hawezi kusema, na ndege ya kumpeleka Nairobi iko njiani. Nyuso zao zimeungua, mikono vilevile. Daktari alipokuwa akitafuta mahali pa kuingiza sindano alikata nguo za wote wawili kifuani, na vibati vyao vya shingoni vyenye namba zao vikakatwa pamoja nazo, vikatupwa ndani ya beseni moja. Wakati ule wote wawili walikuwa hai, na hakuna aliyefikiria kupanga. Sasa beseni lilikuwa na vibati vya watu wawili, na redioni makao makuu yalikuwa yanauliza jina. Habari za ndege kuanguka zilikuwa zimekwisha kufika mitaani kwa simu. Mama wawili walikuwa wakisubiri, mmoja Machakos na mmoja Kikambala, na mmoja alipaswa kuambiwa.

Sajini akasema, “Njoo na macho yako ya dobi.”

Niliingia. Sitaeleza nyuso. Ovaroli zilikuwa zimekatwa juu, lakini kuanzia kiunoni zilibaki. Zilikuwa nyeusi, ngumu, hazikuwa zimetoboka. Zilifanya kazi yake. Nilikumbuka wanga wa Bi Zuhura.

Nilianza na aliyekuwa hai. Niligeuza kiuno, upande wa nyonga. Uzi ulikuwa umegeuka kahawia, lakini ulikuwapo. Msalaba.

Nikaenda kwa mwingine. Mistari mitatu.

“Huyu ni Kahindi,” nikasema. “Yule ni Mutua.”

“Hawakubadilishana nguo?”

“Hawakubadilishana.”

“Karisa. Nikitamka jina hili haliwezi kurudishwa. Unajuaje?”

Nikamwambia kuhusu ovaroli mbichi na ile kavu, na alivyoikataa. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza Bi Zuhura, mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, kama anajijibu mwenyewe, “Ndiyo sababu haivaliwi.” Lile swali langu la Malindi lilikuwa limepata jibu. Akatoka kwenda redioni.

Mutua alipona, kwa kiasi ambacho mtu hupona. Baadaye hospitalini alipoondolewa bomba neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza muuguzi Kahindi yuko wapi. Ana duka la vipuri sasa, na mpaka leo hunipigia simu. Kwa hiyo nilisema kweli. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, kwenye kazi zote nilizofanya na kuziacha. Jibu langu lilimpa mama mmoja mwanawe na kumwondolea mwingine, na nilikuwa na sauti ile ile nikisema yote mawili. Watu huniambia nilifanya jambo kubwa. Mimi nilisoma uzi. Kufa kwa Kahindi hakukungoja nisome.

Sikukaa sana kambini baada ya hapo. Vitu vya Kahindi viliwekwa kwenye sanduku, sare ya sherehe juu, vikapelekwa kwao pamoja na mwili. Wale wawili wa mbele walikuja kila mmoja kubandua lake, Kapteni akija kwa magongo. La Mutua Sajini alimpelekea mwenyewe hospitalini, likiwa bado juu ya ubao. La Kahindi lilibaki, na hakuna aliyethubutu kuligusa, kwa sababu jina halitumwi. Siku niliyoondoka Sajini alilibandua, akanitia mkononi.

Nilipita kwa Bi Zuhura. Alinipikia, akanisikiliza, akafukiza udi uani ingawa hakukuwa na nguo. Kesho yake nikashika njia ya Kikambala. Niliteremka barabara kuu nikatembea kuelekea bara, nikiulizauliza, na mvua ikanikuta katikati ya mashamba pasipo na pa kujisitiri. Nilifika kwa kina Kahindi nimelowa hadi viatuni.

Mamake alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nilimpa shikamoo, nikajieleza: mimi ni Karisa wa Sabaki, nilikuwa nikiwafulia. Akanivutia kigoda. Alisema wamekuja wengi, maofisa, mchungaji, wote wamemweleza kwamba mwanawe alikuwa shujaa, naye amewashukuru. Nikatoa utepe. Hakujua kusoma. Alipitisha kidole juu ya herufi zilizofumwa.

“Hapa ni Kahindi?”

“Ndiyo, mama.”

Akaushika. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mgeni aliyekuwa amemweleza. “Alivaa nini siku hiyo?”

Nikamweleza kuanzia mwilini kuja nje. Fulana ya pamba. Soksi za pamba. Ovaroli ya kijani, suruali na shati pamoja, mifuko mpaka vigimbini, na kwamba alitaka sana aje ameivaa hapa uani, mama yake amtazame. Zipu hadi mfupa wa shingo. Nikafika kwenye ubichi nikasita. Nikasema pia.

Aliacha kupukuchua, mikono juu ya gunzi.

“Kwa hiyo alipanda huko juu na nguo mbichi.”

“Ndiyo, mama.”

Akainuka akaingia ndani. Nilidhani nimemkosea. Alirudi na shati na kikoi, vimekunjwa, vina harufu ya sanduku. Nilijua ni vya nani. Nilimwambia kwa heshima kwamba nashukuru, lakini sisi kule tulikuwa na sheria, na Kahindi mwenyewe aliishika kuliko wote: ya mtu haivaliwi.

“Hiyo ni ya kwenu huko,” akasema. “Kwangu halali mtu na nguo mbichi. Mmoja atosha.”

Akanionyesha chumba cha pembeni, alichokijenga Kahindi mwenyewe kwa mishahara yake ya mwanzo. Bati juu, sakafu bado ya udongo, kitanda cha kamba kimetandikwa. Sare ya sherehe ilitundikwa ukutani na vifungo vyake. Akasema nikae nipendavyo, chumba kisicholalwa huingia mchwa.

Nilivua zangu, nikazikamua, nikazianika dirishani. Nikavaa za Kahindi. Kikoi kilinienea. Shati lilinizidi, mikono yake ikanifunika mpaka vidoleni, na kwa muda nilisimama hivyo bila kuigusa.

Kisha nikaikunja, mmoja baada ya mwingine, hadi juu ya viwiko. Tulikuwa chini. Chini inaruhusiwa.